Chuo cha Kumchagulia Zaina

Kwa Dada yangu Mwanaidi,
Masuguru, Korogwe.

Shikamoo dada. Mguu wa shemeji umepona? Na Sindeni, baba na mama umewaona karibuni? Mimi mwili mzima, usingizi tu ndio haba.

Umeniuliza mdogo wetu Zaina ajaze chuo gani kwenye fomu ya ualimu, chuo kisicho na siasa kali. Dada, siasa iko kila chuo, na mimi mwenyewe naipenda, unajua. Usiulize wanaimba nini asubuhi. Uliza kama mezani wanabishana. Wanapobishana mpaka uji unapoa, hapo Zaina atasoma. Sisi hapa tunakula kimya kama tumefiwa.

Nimechelewa kuliona hilo. Kila Alhamisi, kipindi cha siasa, mmoja wetu husimulia maendeleo ya kijiji chake. Zamu yangu ilipofika, na mdomo wangu unaujua, nikataka kuwachekesha. Nikaeleza baba alivyohamishiwa kijiji cha ujamaa, akajenga kwenye mstari kama wenzake, lakini kila siku anarudi mahameni, kwenye kiwanja chetu cha zamani, na mara nyingine analala hukohuko, eti kuku wamekataa kuhama. Darasa zima lilicheka. Mkufunzi naye akacheka, halafu akauliza taratibu, "Mzee anaitwa nani? Na balozi wake wa nyumba kumi?" Nikataja yote huku nacheka. Akaandika.

Tangu siku hiyo benchi langu nakaa peke yangu. Mwenzangu Petro, ambaye baba yake alikuwa manamba kwenye mkonge hapo Korogwe, alinifuata nikianika nguo.

"Salehe, mzee wako umemtaja kwa jina?"

"Nilikuwa natania tu."

"Kwetu kuna mzee alitajwa hivyo. Nyumba yake ya zamani ilichomwa, na mwenyewe akachukuliwa."

Akaondoka, hata ndoo yake akaisahau.

Naogopa, dada. Jana mkufunzi alinikaribisha chai ofisini. Mpole kweli. Akasema aliandika wilayani kwetu Handeni na majibu yametoka, kwamba niliyosema ni kweli tupu, akanipongeza. Kisha akauliza, ukitoka shuleni Sindeni, njia ya mahameni inashika upande gani. Nikasema nimesahau. Akatabasamu, akanimiminia kikombe cha pili.

Nenda Sindeni wewe mwenyewe, usitume mtu. Baba alale nyumba mpya. Kuku awachinje wote, hata yule jogoo wa mama. Mwambie ni mimi niliyeropoka, anitukane atakavyo.

Zaina ajaze chuo chochote ila hiki.

Nisalimie shemeji, bibi mzaa baba, na shangazi mfinyanzi. Balozi naye msalimie kwa sauti, watu wasikie, ila barua hii asiione. Nampa Petro aitie posta ya mjini, maana zinazopitia chuoni hufunguliwa.

Ukimkuta baba salama, niandikie tu kwamba kuku walikuwa watamu. Ukimkosa, usiandike kitu.

Mdogo wako,
Salehe