Viwanja vya Kuteleza Nilivyomtafutia Fernande

Woonsocket, Rhode Island
Jumatano, mwezi wa tatu

Shemeji Rolande,

Anayekuandikia ni Ovila Thibeault, miaka themanini na minne, mwenye meno kumi na moja ya kwake mwenyewe. Nimezika kaka wawili, mapadri watatu, kiwanda cha sufu kilichonila vidole viwili, na mke mmoja, dada yako Fernande. Habari za huko Maine? Goti linasemaje na baridi hii? Mimi mzima, ila supu ya njegere bado naipika sufuria nzima kama zamani, halafu naila wiki nzima peke yangu. Shule niliacha darasa la nne, kwa hiyo mwandiko uuvumilie.

Siku ya mazishi, watu wakila pai ya nyama, uliniuliza kama ni kweli nilimwambia Fernande kwamba viwanja vya kuteleza vimefungwa vyote katika jimbo letu. Mwaka mzima wa ugonjwa wake aliniomba nimpeleke mara moja tu, avae viatu vyake vya magurudumu, azunguke hata duara moja. Nikakujibu kwa sauti kubwa kwamba ni kweli, na anayebisha akatafute mwenyewe. Ukasema, "Ovila, wewe ukidanganya unapandisha kidevu." Miezi mitano sasa hujanipigia simu. Basi nimekwenda kutafuta mimi, nikuletee jibu.

Jimbo lenyewe dogo, ukipiga chafya umelimaliza. Normand, jirani wa ghorofa ya chini, alinichukua kwa gari lake, akinung'unika njia nzima. Tulianzia hapa mjini, nilipomfahamu dada yako. Unakumbuka nilivyokuwa? Hakuna mwanamume mwingine bonde hili zima aliyeteleza kinyumenyume kama mimi, na wasichana walipigania zamu. Sasa pale wanauza mazulia. Nikamwambia muuzaji kwamba amesimama mahali nilipochukua kombe nikiwa na miaka ishirini na miwili. Akaniuliza kama nataka la sebuleni au la ngazi.

Cha Pawtucket kimekuwa kanisa. Cha pwani kimebomolewa, wanaegesha magari. Kila tulipokuta pamekufa, nilimwambia Normand aandike. Naye akanishangaa, akasema, "Mzee, watu wakikuta mahali pa ujana wao pamebomolewa hulia. Wewe unachekelea! Una wazimu?" Uwanja wa barafu tuliukuta uko wazi, lakini ni wa vijana wa mpira wa magongo, na Fernande barafu aliichukia tangu zamani. Huo sikuuhesabu.

Kikabaki kimoja, cha magurudumu, dakika ishirini kutoka mlangoni kwangu. Jana, Jumanne, saa nne asubuhi, tukasikia muziki wa kinanda kabla hatujashuka garini. Ndani wazee kama thelathini wanazunguka. Normand akanitazama, akairudisha kalamu mfukoni.

Nikavaa viatu vyangu, nikaingia. Raundi tatu nilikwenda vizuri, muulize yeyote. Halafu ikatangazwa raundi ya wawili wawili. Aliye peke yake anatoka, ndiyo sheria, unaijua. Mimi sikutoka. Niliunyoosha mkono wa kulia kwa nje, upande wa mwanamke, nikaendelea. Mlinzi akapiga filimbi, "Babu, hii ya wawili!" Nikamwambia anunue miwani. Sikumaliza hata nusu duara, nikaanguka kama gunia la viazi mbele ya watu wote.

Aliyeniinua ni Darlene, mama wa kaunta ya viatu. Akanikalisha, akanifungia barafu kiwikoni, akaniuliza jina aandike kwenye daftari la walioumia. Aliposikia Thibeault akaacha kuandika. Akasema kuna mama mmoja wa jina hilo, wa Woonsocket, aliwahi kupiga simu mara tatu. Aliuliza Jumanne wanafungua saa ngapi, na kama kuna kiti karibu na ukuta. Alisema mumewe atamleta, anamngojea tu awe tayari.

Rolande, nilijua kiko wazi. Bango lake liko kwenye njia ya hospitali. Kila nilipompeleka nilizungukia barabara ya mtoni, ndefu, ili asilione, na nikamwambia ile nyingine inachimbwa. Niliogopa kuanguka mbele ya watu, yeye akiwa amenishika mkono. Ni hilo tu, nimetafuta sababu nyingine nzuri zaidi, sikuipata. Na katika safari hii yote nilianza na vile nilivyojua vimekufa. Kumbe yeye alijua kila kitu, akakaa kwenye gari lile kando yangu, akitazama mto.

Wasalimie wanao, na padri wako. Sikuombi unipigie, ingawa huwa nipo nyumbani kuanzia saa kumi na moja jioni, na kabla ya hapo pia. Usiponiamini, na haki unayo, Normand Gaudreau atakuhesabia viwanja vilivyokufa. Kilicho hai muulize Darlene. Yupo kaunta kila Jumanne, na sauti ya Fernande anaikumbuka.

Ni mimi shemeji yako,
Ovila Thibeault