Bomba la Ramazani kwenye maji ya moto

Mama mkwe, jambo kutoka Wamaza. Vumbi la pikipiki bado liko kwenye meno yangu.

Asubuhi nilikwenda kwenye chemchemi ya moto kuliona lile bomba ambalo watu wanasema marehemu Ramazani wetu alilitengeneza kwa chuma kibovu. Lilikuwa na joto kama mwili wa mtu. Nililigusa, kidole kikapita ute, kikazama ndani ya chuma.

Fundi wa maji akanivuta mkono. "Dada, humu wanaishi wadudu wasioonekana, wanapenda joto. Chini ya ute wao chuma inaliwa kimya kimya. Bwana yako hana kosa. Shika huku juu, maji hayafiki."

Nikashika pale Ramazani alipounganisha. Hapajalegea.

Ulale vizuri, Mama. Kesho nitawaleta waliomsema, washike nao.

Mkamwana wako, Zaina