Imelda na Historia ya Majengo

Jumamosi, ukungu na baridi ya kuuma masikio. Leo Songea nzima, ukimtoa askofu, hakuna mtu mkubwa kuliko mimi.

Imelda, mtoto wa dada yangu, amepata ufadhili wa chuo kikuu cha nje. Walioomba ni wengi, wakamchagua yeye. Ujumbe wake wa jana ulisema hivi: "Mjomba, nimepata! Naenda kusoma historia ya majengo na namna ya kuyahifadhi."

Sasa mimi naishi wapi? Mtaa wa Majengo. Nimezaliwa hapahapa Majengo.

Nikazunguka mtaa mzima, kuanzia buchani mpaka kwa mafundi cherehani, nikitangaza kwamba Wazungu wanataka historia yetu, na msemaji ni mimi. Usiku nikajiandaa. Nikamkumbuka na yule simba niliyemfukuza kwa ufagio.

Leo mchana Imelda akaja.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Haya, kaa uandike. Nianzie kwa simba?"

"Simba gani tena?"

"Wa historia ya Majengo!"

Alicheka mpaka akakaa chini barazani. "Mjomba jamani! Majengo, yaani nyumba. Siyo mtaa wako!"

Nikamwambia nilikuwa nampima akili.

Halafu akainuka, akawa anautazama mlango wangu. Nyumba hii aliijenga marehemu baba, babu yake, kwa matofali ya kuchoma. Imelda akanionyesha yale matofali yaliyopangwa kwa kupinda kama upinde juu ya mlango. Akasema hapo hakuna hata nondo moja, matofali yanabanana yenyewe na kubeba ukuta wote. Babu alijua hesabu ambayo wengine wanaifuata chuoni.

Mimi nimeishia darasa la saba, na watu wengi nimewasikia wakiongea. Sijasikia mtu akiongea juu ya baba yangu namna ile. Huyu mtoto ana macho. Mimi napita chini ya mlango huo kila siku, nilikuwa naona mlango tu.

Tatizo ni kwamba Jumatatu fundi alikuwa anakuja kuibomoa nyumba. Nilitaka kujenga fremu, vyumba vya maduka vya kupangisha, kama wenzangu wote hapa.

Imelda alikuwa ameshasikia kwa mama yake. Hakunigombeza. Aliuliza tu, taratibu, "Mjomba, nikirudi nitaikuta?"

Nikasema, "Utaikuta."

Alipoondoka nilimpigia fundi, nikamwambia asije. Akalalamika kwamba ameshakataa kazi ya mtaa wa Lizaboni kwa ajili yangu. Nikamjibu kwa sauti nzito kwamba suala hili limefika ngazi ya kimataifa.

Fundi ameelewa hivyo, na mtaa nao utaelewa hivyo.

Ila hapa naandika ukweli. Imelda aliponiuliza lile swali, machozi yalinitoka, nikamwambia ni moshi wa jikoni.

Jikoni hatukuwa tumewasha moto.