Jiko Langu na Mlima wa Afar

Jumapili, 23 Novemba 2025

Maziwa kidogo tena. Gari la Kinna limeleta jerikeni tatu, moja haijajaa. Ukame huu! Ngamia wenyewe wamebaki mifupa. Nimefukiza vyombo vya maziwa kwa moshi kama kawaida, macho yanawasha mpaka sasa. Basi la Nairobi limebeba. Mgongo si wangu.

Mwanangu Abdinajib alipiga asubuhi, nikiwa na moshi usoni. Yuko Afdera, huko Ethiopia, anapakia lori chumvi halafu anashuka nalo mjini Semera. Nikamwambia nitampigia baadaye, niko na kazi. Akasema sawa hooyo, sawa mama. Sikumpigia. Nimelala na viatu.

Jumatatu, 24 Novemba

Mlima umelipuka! Redio inasema ni Afar, upande huo huo wa chumvi. Ati ulikuwa umelala maelfu ya miaka, jana ndio umekumbuka kuamka. Mimi mlima ninaoujua ni Mlima Kenya — unakaa pale na barafu yake, hausumbui mtu.

Nimepiga simu yake kutwa. Kuna dada anajibu kwa Kiamhara, mashine. Sijui anasema nini, lakini sauti yake sasa naijua kuliko ya dada yangu.

Jioni amekuja Abass, ndugu wa marehemu mume wangu. Yeye ndiye aliyemtafutia Abdinajib hiyo kazi ya lori. Amesema ni mtandao tu umekatika, majivu yameanguka kila mahali, nisiwe na wasiwasi. Amekataa chai. Abass, kukataa chai!

Jumanne, 25 Novemba

Wifi yangu Faduma ataniua. Ameweka sauti kwenye group ya ukoo, analia tu, husikii neno isipokuwa jina la mwanangu. Na watu wa Isiolo nawajua, wakisikia kilio hawaulizi, wanavaa viatu. Kufikia adhuhuri uani kumejaa wanawake, wa hapa Wabera, wa Chechelesi. Wengine wamekuja na mikeka yao. Mikeka!

Redio inasema hakuna mtu aliyekufa. Ni majivu, na mifugo imekosa malisho. Basi hawa wanamlilia nani?

Halafu nikasikia wanagawana kazi — nani ataleta wali, nani ataleta mchuzi. Hapo nikasimama. Kwetu nyumba ya msiba haiwashi moto, majirani ndio wanaopika. Sufuria ya jirani ikivuka lango langu, nimekubali. Sijakubali. Nikawasha jiko nikawapikia wote, wali na maharagwe, na chai ya iliki. Faduma akanishika mkono, "Abaayo, dada yangu, pumzika. Tuachie sisi." Nikamwambia hawa ni wageni wangu, wageni wangu nawapikia mwenyewe.

Wamekula huku wanaangaliana. Miguu yangu imevimba.

Jumatano, 26 Novemba

Wamerudi. Nimepika.

Lakini Gacheri! Huyu ni jirani, Mmeru, duka lake liko mbele ya lango langu. Kila asubuhi huja na kipande cha bati kuomba makaa ya moto, miaka yote hii, kwa sababu ya ubahili tu. Leo nilifikiri ataona aibu. Wapi! Amepita katikati ya ile mitandio yote kama anapita sokoni. "Mama Najib, nipee moto kidogo, chai imenichelewesha." Hakusema pole. Hakuuliza chochote. Nilimjazia bati mpaka makaa yakamwagika, halafu nikaenda nyuma ya choo nikalia. Nafikiri ilikuwa furaha.

Alhamisi, 27 Novemba

Maziwa hayakuja kabisa. Nimefukiza vyombo vitupu, moshi uonekane.

Yule dada wa Kiamhara bado yuko kazini.

Nimechoka na watu. Nimechoka kuambiwa subira. Mwenye kuniambia subira mwenyewe hawezi kusubiri chai ipoe.

Faduma amekuja jikoni, amesimama mlangoni anazungusha pete. Imamu ameuliza kama kesho baada ya swala ya Ijumaa wamswalie Abdinajib sala ya maiti aliye mbali. Nikasema mtu aliye hai haswaliwi. Akakunja mikono ya nguo akaosha sufuria zote, analia, anasugua. Nilitaka kumfukuza, nikakumbuka ni yeye aliyemwogesha Abdinajib wiki yake ya kwanza, mimi nikiwa siwezi kuinuka. Anampenda. Tunagombana bure. Nikachukua kitambaa nikawa nakausha.

Ijumaa, 28 Novemba

Makaa yamebaki ya chini ya gunia, vumbi tu. Nimewasha hivyo hivyo.

Gacheri hajaja kuchukua moto. Labda amechelewa kuamka.

Abass yuko mbele ya duka la Gacheri, simu sikioni. Namwona kupitia lango. Haongei, anasikiliza tu. Sasa amekaa juu ya kreti ya soda. Gacheri ametoka, ameinama, wanaongea.

Gacheri amefunga duka! Gacheri hafungi hata Krismasi.

Nimeteleka maji ya wali. Wanawake uani wamegeukia lango, hata Faduma. Abass bado amekaa pale pale. Si aje? Nyumba ya ndugu yake, ana haja ya kubisha hodi? Naandika huku napepea, mkono huu na mkono huu, nikikaa bure nitapiga kelele.

Moshi unatoka uani kwa Gacheri. Leo moto ameutoa wapi?

Maji yamechemka. Nimetia mchele, mwingi, watu wote washibe, mtu asije na chochote.

Lango limefunguliwa. Ni Gacheri. Amejifunga leso kichwani, hana bati. Amebeba sufuria kwa mikono miwili, imefunikwa kitambaa cheupe, anatembea polepole isimwagike. Abass yuko nyuma yake, anaangalia chini. Wanawake wanampisha.

Moto upo, Gacheri. Umesahau bati lako tu. Rudi ukalichukue, moto upo, si unauona unawaka