Mizani Inayoamka Yenyewe

Kwa mpwa wangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wenzako mnaoshinda mkikodolea macho vioo vya kompyuta. Mimi mzima. Goti linanisumbua kidogo, ila daktari amesema goti imara kama hili hajapata kuliona.

Ile programu uliyotuma fundi ameiweka. Inafanya kazi, mjomba, sijui hata niseme nini.

Nilikueleza ugonjwa wa mizani yetu ya malori. Kipanya ukikichomeka, kompyuta inakijua papo hapo, maana kinajitaja chenyewe. Mizani yetu iko kwenye ule waya wa kizamani wa pini tisa, nayo haijitaji, inatema tarakimu tu. Kila asubuhi ilikuwa lazima mimi niiamshe, yaani niiambie kompyuta kwamba aliye huku ni mizani, kisha niache dirisha la programu ya zamani wazi kutwa. Likifungwa, malori yanapanga foleni hadi barabarani. Madereva waliniita Daktari. Siku moja niliwatajia uzito wa lori ambalo lilikuwa bado linakata kona, na haukupishana hata kilo.

Sasa umeiingiza mizani ndani ya kiini cha mfumo, hicho mnachokiita kerneli. Kompyuta ikiwaka tu, inajua nani yuko kwenye waya. Meneja aliiwasha mwenyewe, lori likapanda, uzito ukatokea. Akaniuliza mimi sasa naamsha nini. Nikamjibu kwamba aliyefanya hayo ni mpwa wangu, damu yangu kabisa. Akasema hongera.

Kazi imekwisha, mjomba. Nimerudisha koti na funguo. Nashinda kitandani nikitazama ukuta. Sina hasira, sina lolote. Mama yako anajua niko likizo, basi na ajue hivyo hivyo.

Ila kilichonifanya nishike kalamu ni kingine. Meneja anataka uifanyie vivyo hivyo na mizani ya lango la pili. Pale yupo mjane mmoja tunayemwita Dada Mkubwa, naye huamsha ya kwake vilevile, na wanawe bado wanasoma. Meneja akaomba anwani yako. Nimemwambia umeachana na kompyuta, unafuga nyuki, na nyuki wamekuuma macho yote mawili. Akanipa pole.

Akikupata kwa njia nyingine, mjomba, huoni.

Nisalimie wenzako wote, na ule vizuri.

Ni mimi,
Mjomba wako