Nyumba Moja, Mitandao Miwili

Jumatatu, 3 Machi

Binti karudi nyumbani! Masanduku mawili, kompyuta, na kiti cha ofisi chenye magurudumu – kapanda ngazi nacho mgongoni. Atafanyia kazi hapa hapa, chumbani kwake kwa zamani. Anaandika kumbukumbu za wagonjwa kwa niaba ya hospitali fulani. Siri za watu. Kwa hiyo mwajiri kampa sharti moja: intaneti ya nyumbani ifungwe barabara, asiingie mtu asiyejulikana. Jumatatu ijayo wataikagua kutoka huko huko kwao. Ikishindwa, kazi hana.

Kauliza ruta iko wapi. Iko juu ya kabati la vyombo, pale pale alipoiweka Mzee, baba yake, miaka mitano iliyopita. Ina vumbi la kupandia maharage. Paswedi kaiandika ubavuni kwa wino mzito, kwa mwandiko wake wa mpima ardhi, herufi zimesimama wima kama vigingi. Nimefuta vumbi. Maandishi nimeyapita pembeni.

Mzee hayupo hapa mwaka wa pili na nusu huu. Yu hai, mzima, anakaa kwa dada yake, mitaa miwili tu kutoka hapa. Kwa wifi yangu – ambako hakuna waifai. (Nimecheka peke yangu. Basi.)

Jumanne, 4 Machi

Fundi wa mtandao kaja. Nilitegemea kijana mwenye suruali inayoshuka. Kumbe mama wa makamo, mfupi, miwani juu ya kichwa na nyingine machoni. Kaiangalia ruta yetu, kasikitika. Kasema neno la kuingilia kwenye mitambo yake ni lile lile la kiwandani, halijawahi kubadilishwa. Yaani mlango tumefunga, ufunguo tumeuning'iniza nje. Na ile paswedi ya ubavuni – jina la utani la binti na moja mbili tatu – kila aliyewahi kunywa chai hapa anayo.

Halafu kafungua ukurasa kwenye kompyuta ya binti, kanionyesha orodha ya vilivyoungwa. Kompyuta. Simu ya binti. Simu yangu. Televisheni. Kila kimoja na kitaa chake cha kijani.

Moyo wangu ulipiga! Swichibodi! Swichibodi yangu kabisa, imekuja kunisalimia sebuleni. Miaka ishirini na sita nilikaa mbele ya taa kama hizo. Wanawake saba kwenye viti virefu, vipokea sauti kichwani, nyaya mikononi. Kitaa kikiwaka, unachomeka: "Simu, nikusaidie?" Msimamizi anapita nyuma yetu na viatu vyake vya kugonga, ko, ko, ko. Tulikuwa tunajua mji mzima nani anamtafuta nani, na hatusemi. Hata kwa waume zetu hatusemi. Nimewaeleza fundi na binti hayo yote, chai ikapoa.

Kisha fundi kauliza: na hiki cha tano ni cha nani?

Cha tano. Hakina jina, namba na herufi tu. Binti kashika kichwa. Mwizi! Fundi kasema kwanza tukijue ni nini, maana huenda ni friji. Friji yetu haijui hata kutengeneza barafu. Atarudi Jumamosi kufunga kila kitu upya.

Jumatano, 5 Machi

Binti kanifundisha kufungua ule ukurasa mwenyewe. Nimekaa zamu. Kweli, zamu! Nimevaa hata miwani ya kazini.

Mgeni kaingia saa nne na dakika kumi. Katoka saa saba kasoro kumi. Hakupakua chochote kikubwa. Mstaarabu. Binti anamshuku jirani wa nyuma. Mimi nasema jirani wa nyuma hawezi kuwa na nidhamu hiyo, hata takataka hatoi siku yake.

Nimekumbuka kufuli. Tulipopata simu ya mezani, ya kwanza mtaa huu, watu walikuja kupiga kama wanavyokuja kisimani. Mzee akaleta kikufuli kidogo cha shaba, akakichomeka kwenye lile tundu la namba ili duara lisizunguke. Ufunguo shingoni mwake. Kumbe binti, miaka tisa, kashajifunza kugonga kile kitufe cha kukatia: mara tatu ni tatu, mara tano ni tano. Anapiga simu kwa kugonga! Tulimkamata anaongea na shangazi yake. Mzee alitaka kukasirika, akashindwa, akacheka mpaka akakaa sakafuni. Kesho yake kalivua lile kufuli, kalitupa kwenye droo. Kasema nyumba yenye mtoto kama huyu haifungiki.

Nilimpenda sana siku ile. Naandika tu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemjua.

Nilivuka barabara asubuhi kwa fundi cherehani wa hapo mbele kupunguza gauni. Banda lake lina pazia la vitambaa vya wateja, huwezi kuona nyuma yake. Nimesimama nangoja anipime. Nyuma ya pazia mtu anasoma habari kwa sauti, taratibu, anameza mate kabla ya kila namba. Saa nne na robo.

Sikuhitaji kufunua pazia. Sauti ile niliijua kabla ya sura hata ile mara ya kwanza. Kila Ijumaa alikuwa akipiga kutoka huko maporini walikopima mipaka, kutoa taarifa ofisini kwao. "Opereta, naomba makao makuu." Anasoma vipimo, anameza mate, anasoma. Dakika tatu zikiisha ni lazima niingie kwenye laini niseme muda umekwisha. Kwake nilikuwa nachelewa kuingia. Siku moja kamaliza taarifa, hakukata. Kauliza: "Opereta, wewe jina lako nani?" Ni kosa kujibu. Nilijibu.

Fundi cherehani kaniona nimeganda, naye kaganda, sindano mdomoni. Nimemwashiria anyamaze. Nimetoka. Gauni nimeliacha.

Kwa hiyo mgeni wetu ni Mzee. Wala hafanyi lolote, simu yake inashika mtandao yenyewe tu, kwa kuwa ndiye aliyeuweka. Barabara moja na pazia moja, kila siku, na mimi sijui.

Sijawahi kuandika kwa nini aliondoka. Niandike. Alistaafu, hakuniambia. Miezi minane anaamka, ananyoa, anachukua mkoba, "haya mke wangu, tutaonana jioni." Siku hiyo kasahau miwani, nikampelekea ofisini. Mlinzi kaniangalia kwa huruma: mama, yule mzee tulishamuaga mwaka jana, soda tulikunywa. Nilirudi na miwani mkononi. Alikuwa akikaa wapi siku zote hizo? Kwenye benchi la maktaba! Nikamuuliza swali moja tu: kwa nini hukuniambia? Kajibu alikuwa anatafuta siku nzuri. Mimi niliyemezea siri za mji mzima, nifichwe nyumbani kwangu! Nikamwambia aende akaitafutie siku yake nzuri kwingine. Sikudhani atafunga mkoba kweli.

Binti kauliza jioni kama nimempata mwizi. Nimesema bado.

Ijumaa, 7 Machi

Hajaingia. Saa nne, hakuna. Saa tano, hakuna. Saa sita nimeunguza sufuria.

Anaumwa? Kifua chake na hali hii ya hewa! Nimechungulia dirishani mara ngapi sijui. Banda limefungwa. Baadaye namsikia fundi cherehani akimwambia mteja alikwenda kununua vitambaa. Kumbe ni hilo tu. Nimekaa kitini nikajicheka, halafu nikaacha kucheka.

Na binti bado sijamwambia. Siku ya pili hii. Nangoja nini? Nangoja nafasi nzuri.

Nimeisoma sentensi hiyo mara mbili. Nimeona aibu.

Jumamosi, 8 Machi

Fundi kafika saa nne na nusu. Kaanza na mitambo: neno la kiwandani kaliondoa, kaipa ruta apdeti ambazo hazijaguswa tangu ije, kazima kile kitufe cha kuunga vifaa kwa kubofya tu. Kisha kaeleza mpango. Mitandao miwili ndani ya ruta moja. Wa nyumbani, kwa watu wa nyumba na kazi ya binti, paswedi ndefu, sentensi nzima, isiyoandikwa popote. Na wa wageni: wanapata intaneti, lakini hawaoni chochote cha ndani. Kila atakayekuja na kuomba, anapewa huo. Nimependa. Na simu yetu ya mezani ingekuwa na kitu kama hicho, kufuli lisingenunuliwa.

Sentensi ya nyumbani kaniachia niitunge mimi. Siiandiki hapa. Nimeshafundishwa.

Basi kasema: sasa nikibonyeza hapa, wote watatolewa, mtaingia upya. Kidole kipo juu ya kitufe. Nimeangalia orodha. Cha tano kipo. Kijani.

Nikasema subiri.

Sikatizi laini yenye mtu. Ndilo somo la siku ya kwanza kazini: huchomoi waya kabla hujaingia ukawaambia. Ukikata bila kusema, yule wa upande wa pili anabaki anaita "haloo, haloo," hajui kosa lake. Nilimwona msichana mwenzetu akifukuzwa kazi kwa hilo.

Fundi kasema ana mteja mwingine anamngoja. Nikamwambia amwache huyo wa tano atoke mwenyewe kwanza, saa saba kasoro kumi atatoka. Binti kanigeukia polepole na kiti chake.

"Mama. Huyu unamjua."

"Ni Baba yako. Yuko kwa fundi cherehani."

Fundi kajifanya anasafisha miwani, zote mbili.

"Toka lini unajua?"

"Alhamisi."

"Kwa nini hukuniambia?"

Maneno yale yale niliyomwambia baba yake, na sauti ile ile, maana sauti kaichukua kwangu. Nilitaka kusema nilikuwa natafuta siku nzuri, Mungu akaniepusha.

Fundi kangoja. Sijui kwa nini kangoja, lakini kangoja, kanywa chai vikombe vitatu. Saa saba kasoro kumi kitaa kimezimika chenyewe. Kabonyeza. Akauliza wa nyumbani ni nani na nani, aandike. Binti, mimi, televisheni.

"Hakuna mwingine?"

Binti kaniangalia. Nimesema hakuna.

Jumapili, 9 Machi

Banda limefungwa, Jumapili. Nyumba kimya. Binti ananiongelesha vizuri, vizuri mno, kama mtu wa benki.

Kwenye orodha tupo wanne na wote nawajua. Ndivyo inavyotakiwa. Nimeifungua mara sita.

Nimekosa usingizi wa mchana. Nimepanga fulana zake zilizobaki kabatini, nikazipangua. Namkumbuka jamani. Si yule wa miezi minane. Namkumbuka aliyekaa sakafuni akicheka. Na huenda ni mtu mmoja, nami nimekuwa nikiwagawanya.

Jumatatu, 10 Machi

Saa tatu wamekagua. Tumepita! Binti kapiga kelele, kazunguka na kiti mpaka ukutani. Saa tatu na nusu kaanza kazi, mlango kaufunga.

Saa nne na dakika ishirini nasikia hodi. Hodi ya mlango wa mbele, mara mbili, kwa heshima. Nani anapiga hodi mlango huu kwa adabu hivyo?

Kasimama na kofia mkononi. Kakonda. Kasema wifi kanitumia shikamoo – wifi ni mkubwa wangu, shikamoo za nini! Kachanganyikiwa tu. Kisha kasema simu yake haishiki, kwa hiyo kaona ruta itakuwa imeharibika, na kwa kuwa ndiye aliyeifunga, kaona si vibaya aje aitazame.

Nimemwambia haijaharibika. Imefungwa.

Kasema, "Ah."

Nimemwambia karibu. Kaingia, kakaa. Hakukaa kwenye kiti chake. Kakaa kile cha karibu na mlango, ukingoni, kofia magotini. Mkoba hana. Kasema, akiitazama kofia, kwamba Jumamosi alitaka kuvuka barabara, na Alhamisi aliona viatu vyangu chini ya pazia. Aliniona! Nimekimbilia jikoni kuchemsha maji.

Binti katoka chumbani, kamkumbatia, kanifuata huku na simu ya baba yake mkononi. Kauliza kwa sauti ya chini: "Mama, Baba nimwingize wapi? Wa nyumbani au wa wageni?"

Nikasema lete. Nitaandika mwenyewe.

Kaniachia, karudi kazini. Daftari lipo hapa kando ya jiko, maji bado. Simu yake ile ile, kioo kina ufa. Inaonyesha majina mawili, moja juu ya jingine. Anaita kutoka sebuleni kwamba nisihangaike, hana haraka. Miaka miwili na nusu – kweli hana haraka!

Sijamsamehe. Niandike hivyo, ni kweli. Namuuliza bado lile swali na jibu lake bado silitaki.

Paswedi ya wageni ina herufi nane, ya nyumbani ni sentensi nzima. Nimeshaandika kumi na moja, nimesimama. Maji yamechemka. Kakohoa. Anauliza kama nimeona tatizo liko wapi, na mimi –