Ruhusa Yako Imefika, Kaka

Kaka yangu mkubwa,

Ruhusa yako imefika Jumanne. Mistari miwili, chini kabisa ya barua ya kurasa nne uliyomwandikia Baba kuhusu galaksi: "Na huyo mdogo wangu aoe tu, asinisubiri." Niliisoma nikiwa nimesimama posta ya Kisii, nikacheka mpaka karani akaniuliza kama niko salama.

Unakumbuka tulipohamia Nyansiongo, mzungu mwenye shamba ameondoka juzijuzi tu? Alfajiri tulikamua pamoja. Wewe ulikuwa ukiinua macho kuitazama nyota ya asubuhi, ndama ananyonya maziwa yote, na fimbo ya Baba inatua mgongoni mwangu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karibu. Sikulalamika. Kaptura zako nilizivaa, daftari zako nilizimalizia kurasa za nyuma. Nilizaliwa wa pili, na zamu yangu niliijua.

Lakini hili la Kerubo, kaka, limenichosha.

Unajua kwetu mdogo haoi mkubwa akiwa hajaoa. Nilipomwambia Baba nimepata msichana, binti wa yule mama anayeuza ndizi soko la Daraja Mbili, alitabasamu, kisha akauliza, "Na yule wa ng'ambo, ameoa?" Kama hujaoa, akasema, basi uniruhusu mwenyewe kwa mkono wako. Nikakuandikia. Ukanijibu nisubiri umalize makala moja. Makala ikaja kwa posta, imechapwa vizuri, na juu yake umeandika, "Kwa Baba, kwa heshima." Baba akaigeuza huku na huku. "Mkono ni wake," akasema, "lakini neno halipo." Nikakuandikia tena, ikaja nyingine. Sasa ziko saba kwenye sanduku lake, na zote zinasema galaksi huanza na nyota changa za buluu, kisha huzeeka taratibu zikawa nyekundu. Hongera. Hapa nyumbani pia kuna watu wanaozeeka taratibu.

Tena nilijitia kitanzi mwenyewe. Ile barua uliyojisifu kwamba wataalamu wengi wanakutaja, kuanzia Japani hadi Ujerumani, niliisoma kwa sauti siku ya Sabato, tumetoka kanisani. Baba akauliza wanakutaja kwa nini. Nikamweleza kama ulivyonieleza wewe, kwamba huko hakuna anayeandika yake kabla ya kumtaja aliyetangulia. Mzee akajipiga paja kwa furaha. "Basi hao watu wana adabu! Umesikia? Hata huko mkubwa harukwi."

Nilimwendea Kerubo kumwomba mwaka mwingine. Alikuwa akipanga mikungu, hata hakuinua uso. "Huyo brother yako akimaliza kuhesabu nyota, wewe kuja uniambie." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Baada ya mavuno aliolewa na mwalimu mmoja wa Nyamira. Nilimpenda, kaka. Sidhani kama niliwahi kukuandikia hivyo waziwazi, kwa sababu kila barua nilikuwa nikieleza habari za zamu.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mnachokiona kwenye darubini ni habari ya zamani, na huenda nyota yenyewe imekwisha. Ruhusa yako nayo imefika hivyohivyo. Tafadhali usiniombe radhi kwa makala ya nane.

Ila kuna jambo moja. Momanyi, kitinda mimba wetu, amepata mchumba. Juzi alinijia zizini, akazungukazunguka, akashika ndoo isiyo na kazi, nikajua anachotaka kusema. Wewe umekwisha kuruhusu wadogo zako. Aliyebaki njiani ni mimi.

Sikumngoja aseme. Nilikwenda nikafungua sanduku la Baba, nikachukua makala yako ya mwisho, nikaandika nyuma yake palipo patupu: "Momanyi aoe. Mimi niliyemtangulia nimekubali." Nikatia sahihi, nikampa Baba mkononi kabla maziwa hayajapoa. Kaka, kazi yote hiyo haikufika hata muda wa kukamua ng'ombe mmoja.

Baki salama huko. Na wakikuuliza ni nani mwingine ameitumia makala hiyo, waambie Momanyi.

Ni mimi,
mdogo wako, wa pili